Tarikhi ya Alama ya Reli

Mtu wa Tanzania atakaye kutuma fedha kwa M-Pesa, awe mhadhiri wa chuo kikuu au mchuuzi wa samaki asiyepata kukaa darasani, hubonyeza nyota, kisha 150, kisha nyota tena, kisha sifuri mbili, na mwisho hubonyeza reli. Na ukimwuliza kwa nini hutia reli mwishoni, atakujibu kwamba pasipo reli fedha haziendi. Jibu lake ni sahihi, na latosha kwa haja yake. Lakini alama hiyo hiyo ya mistari miwili iliyokatwa na mistari miwili imekuwa, kwa muda wa miaka inayokaribia ishirini, chombo cha kukusanyia maneno ya halaiki ya watu wasiojuana, waliotawanyika katika mabara yote, wakapata kulizungumza jambo moja kwa wakati mmoja. Nataka kueleza tarikhi yake, kwa sababu wengi wetu twaitumia kila siku katika mitandao ya kijamii bila ya kujua ilizaliwa kwa haja gani, na asiyeijua haja iliyokizaa chombo huwa mwepesi wa kukiharibu.

Asili yake ni mizani. Warumi wa kale walikuwa na kipimo cha uzito kilichoitwa libra, na makarani wa Ulaya waliokirithi kipimo hicho walikifupisha kwa herufi mbili, l na b, wakazikata kwa kistari ili msomaji asizidhanie tarakimu. Kalamu zikaenda mbio, vizazi vikapita, na herufi zile zikalegea hata zikawa mistari minne tu. Katika hati za mkono za Isaac Newton, mwanachuoni wa Uingereza, herufi hizo zaonekana zikiwa katikati ya safari: si herufi kamili tena, wala hazijawa alama. Wafanyabiashara wa Marekani waliendelea kuiandika alama hiyo katika daftari zao, na mashine za kupiga chapa zikaichukua; nayo pengine ingebakia humo dukani lau wahandisi wa simu wa maabara za Bell wasingalikuwa na haja nayo. Simu ya vitufe ilipotolewa kwa watu Marekani mwaka 1963 ilikuwa na vitufe kumi vya tarakimu, basi; mwaka 1968 vikaongezwa viwili, nyota kushoto kwa sifuri na reli kuliani kwake, ili mtu aweze kuiamuru mitambo jambo lisilokuwa namba ya kupigia. Kwa njia hiyo alama ya makarani ilipata makao katika simu za dunia nzima, na makao hayo ndiyo yaliyoipa sudi yake ya baadaye, maana chombo cha kutumiwa na kila mtu sharti kwanza kiwe mikononi mwa kila mtu.

Mwezi wa Agosti 1988 Jarkko Oikarinen, kijana wa Finland aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oulu, alitunga programu ya mazungumzo ya maandishi iliyokuja kujulikana kwa herufi IRC, ambamo watu wengi waliweza kuandikiana papo kwa papo. Kwa kuwa mazungumzo ya watu wote mahali pamoja ni ghasia, yaligawanywa katika njia mbalimbali, na jina la njia likatanguliwa na alama ya reli: mwenye haja ya muziki akaingia njia ya muziki, mwenye haja ya habari za nchi yake akaingia njia ya nchi yake. Agosti 1991, baadhi ya wakuu wa Umoja wa Kisovieti walipojaribu kumwondoa Mikhail Gorbachev katika utawala, habari za Moscow zilipita katika njia hizo zikawafikia watu wa ng'ambo. Basi tangu zamani hizo alama ya reli ilikuwa na kazi yake ya leo, yaani kuwajulisha watu kwamba jambo fulani lazungumzwa hapa, na wenye haja nalo waje. Tofauti ni kwamba katika IRC mtu alipaswa kwanza kuingia njiani ndipo asikie. Asiyeingia hakuambulia kitu.

Mtandao wa Twitter, ambao tangu Julai 2023 waitwa X, ulipofunguliwa mwaka 2006 haukuwa na njia yoyote. Kila ujumbe ulikuwa na mpaka wa herufi 140, kwa sababu ujumbe wa simu huchukua herufi 160, na 20 ziliwekwa akiba kwa ajili ya jina la mwandishi. Na jumbe hizo zilimiminika pamoja, za arusi na za matanga, za chakula cha mchana na za siasa, pasipo cha kuzitenga. Tarehe 23 Agosti 2007 Chris Messina, mbunifu wa programu wa huko California, aliwauliza wenzake katika ujumbe mfupi mno waonaje kama wangeitumia alama ya reli kwa ajili ya makundi, akatoa mfano wa #barcamp, jina la mikutano ya watu wa kompyuta ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waandaaji wake. Siku chache baadaye mwandishi Stowe Boyd akaliandika jina la hashtagi, nalo likashika. Wakuu wa Twitter hawakulipokea wazo kwa shangwe. Kwa masimulizi ya Messina mwenyewe, waliona ni jambo la wataalamu, lisiloweza kupendwa na watu wa kawaida. Messina naye hakulisajili kuwa milki yake, wala hakudai ujira, kwa kuwa, kama alivyoeleza miaka ya baadaye, alitaka litumiwe na yeyote mahali popote, na umiliki ungalizuia jambo hilo.

Naomba msomaji atue kidogo hapa, maana katika uamuzi huo mna fadhila na mna hatari. Neno la kawaida lina kamusi ya kulilinda. Chapa ya biashara ina sheria. Jina la mtu lina mwenyewe. Hashtagi haina bwana. Yeyote aweza kuitunga, yeyote aweza kuiazima, na yeyote aweza kuitupia takataka, wala hapana kadhi wa kumshitakia. Kinachoilinda ni adabu ya wanaoitumia, na hakuna kinginecho.

Jaribio lake la kwanza la haki lilikuja miezi miwili tu baada ya kuzaliwa. Oktoba 2007 moto wa nyika ulilipuka katika wilaya ya San Diego, ukasukumwa na upepo mkavu utokao jangwani, na watu zaidi ya 500,000 wakaambiwa wahame makwao. Nate Ritter, mkazi wa mji huo, aliketi na kuandika Twitter kila alichokisikia katika redio na televisheni na kwa watu: barabara ipi imefungwa, mtaa upi umeamriwa kuhama, mahali gani pamefunguliwa kwa wakimbizi. Messina akamshauri atie #sandiegofire katika kila ujumbe, na Ritter akafuata, na wengine wakamfuata Ritter. Tazama jinsi jumbe hizo zilivyokuwa: hazikuwa na alama tano wala kumi, zilikuwa na moja, na ile moja ilitaja mahali na tukio, hata mtu aliyekuwa garini na watoto wake, asiyemjua Ritter kabisa, akipekua neno lile tu alikuta habari za njia ya kutokea. Sidhani kama tangu siku hizo hashtagi imepata kutumiwa kwa akili zaidi ya vile, wala si ajabu, kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikuwa na jambo.

Watu wa Uswahilini husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na msemo huo umebeba sharti ndani yake ambalo aghalabu hatulitaji: kwamba mpigaji wa pembe hakuruhusiwa kupiga pasipo jambo. Lau pembe ingalipigwa leo kwa ajili ya kikao cha wazee, kesho kwa ajili ya mwuza vitumbua, na kesho kutwa kwa kujifurahisha, siku ya hatari pasingalitoka mtu nyumbani kwake.

Hayo ndiyo yaliyoanza kutokea mara tu alama ilipopata nguvu. Juni 2009 Wairani walipojaa mitaani kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais, #iranelection ilikuwa dirisha ambalo dunia ilichungulia nchi iliyokuwa imewabana wanahabari. Na katika siku hizo hizo duka la samani la Uingereza liitwalo Habitat likaonekana likitia alama za uchaguzi wa Irani, pamoja na jina la mgombea Mousavi, katika matangazo yake, ili watu waliokuwa wakitafuta habari za wenzao waliopigwa risasi wakutane na bei za vitu vya nyumbani. Watu wakaghadhibika, na duka likaomba radhi. Mwezi uliofuata Twitter wakaifanya kila hashtagi kuwa kiungo, hata ukiigusa tu wafunguliwa jumbe zote zenye alama hiyo; hatua iliyoongeza manufaa yake, na ikaongeza kwa kiasi hicho hicho tamaa ya kuivamia. Mitandao mingine ikafuata, Instagram mwaka 2011 na Facebook mwaka 2013.

Katika nchi zetu, Kenya ndiyo iliyotangulia, na katika kutangulia ilionyesha mengi. Machi 2012, baada ya maguruneti kurushwa katika kituo cha mabasi jijini Nairobi, televisheni ya CNN ilionyesha habari hizo chini ya maneno yaliyoifanya nchi nzima ionekane kuwa vitani. Wakenya wakajibu kwa #SomeoneTellCNN, na mwandishi wa televisheni hiyo akaomba radhi. Julai 2015, rais Barack Obama alipokuwa akitazamiwa Nairobi, CNN iliieleza Kenya kuwa kitovu cha ugaidi. Alama ile ile ikafufuliwa, na safari hii mkuu mmoja wa CNN akapanda ndege hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ushindi wake. Mimi navutiwa zaidi na jambo moja dogo: kwamba miaka mitatu ilipita, na watu hawakutunga alama mpya. Waliitwaa ile waliyokwisha kuizoea, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuelezana upya inahusu nini, na maneno ya wote yakakusanyika mahali pamoja badala ya kugawanyika vijito kumi.

Kati ya visa hivyo viwili kuna kingine, ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Siku za kwanza serikali ilitaja idadi ya 147, na idadi hiyo ikarudiwa katika kila taarifa hata ikaanza kusikika kama hesabu ya magunia. Ndipo Ory Okolloh, mwanasheria ambaye mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la Ushahidi, alipoanzisha #147NotJustANumber, akitaka kila aliyekufa atajwe kwa jina na kuonyeshwa kwa sura. Wazazi, ndugu na wanafunzi wenzao wakaleta picha: huyu alikuwa akisomea ualimu, huyu alikuwa wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu, huyu alivaa joho lake la mahafali ya shule na akatabasamu. Aliyeifungua alama ile alikuta makaburi yakitaja wenyewe. Nadhani msomaji ataona mara moja kwamba katika mahali kama hapo mtu hana ruhusa ya kuingia na bidhaa, wala na mzaha, wala na picha yake mwenyewe. Na kwa sehemu kubwa Wakenya waliliona hilo bila ya kuambiwa.

Uharibifu unaotokana na choyo ni rahisi kuulaumu. Ulio mgumu zaidi ni ule utokanao na nia njema, na mfano wake mkuu ni wa tarehe 2 Juni 2020. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, watu wa kazi ya muziki nchini Marekani waliitisha siku ya kusimamisha shughuli, na watu wa dunia nzima wakaonyesha kuunga mkono kwa kuweka Instagram picha ya mraba mweusi usio na kitu ndani yake. Lakini wengi katika waungaji mkono hao waliitia picha hiyo chini ya #BlackLivesMatter, alama iliyotumika tangu mwaka 2013, ambayo waandamanaji walikuwa wakiitegemea kwa habari za mahali pa kukutana, za waliokamatwa, za dawa na dhamana. Kwa saa kadhaa aliyeifungua alama ile alikuta weusi mtupu, ukurasa baada ya ukurasa, na jumbe za haja zimezama chini yake. Viongozi wa harakati wakapiga kelele: wekeni picha mkitaka, ila ondoeni alama. Hapana mmoja katika wale aliyekusudia kuwanyamazisha waandamanaji, wala alama haina njia ya kupambanua kusudi. Hukusanya kilichotiwa, basi.

Kadhalika pana madhara ya uandishi mbaya. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alipofariki tarehe 8 Aprili 2013, wapinzani wake walitumia #nowthatchersdead, maneno matatu ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja kwa herufi ndogo, yakikusudiwa kusema kwamba sasa Thatcher amekufa. Kumbe herufi zile zile, zikikatwa mahali pengine, husema kwamba sasa Cher amekufa, na wapenzi wa mwimbaji huyo wa Marekani, aliyekuwa hai na mzima, wakaanza kumlilia. Dawa ilikuwa ndogo mno: kuanza kila neno kwa herufi kubwa. Alama haibadiliki kwa hilo, maana mitambo haitofautishi herufi kubwa na ndogo, ila jicho la msomaji huokolewa. Na si jicho tu, kwani vipofu wengi husomewa maandishi na programu ya sauti, nayo ikikuta maneno yaliyobanwa bila herufi kubwa huyatamka kama neno moja lisilo maana. Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu na viambishi vyake ni vingi, kina haja ya uangalifu huo kuliko Kiingereza: #SikuYaKiswahiliDuniani yasomeka, na ikiandikwa kwa herufi ndogo pekee mtu hulazimika kuihesabu kwa kidole.

Kuhusu wingi, Instagram kwa miaka mingi iliruhusu hashtagi 30 katika chapisho moja, na wauzaji wakauchukulia mpaka huo kuwa ni amri ya kutimizwa. Fundi cherehani wa Kariakoo apigaye picha gauni la kitenge, akatia #love na #instagood na #London na majina ya waimbaji watatu, huwa amelipeleka gauni lake katika bahari ambayo chapisho halikai dakika moja kabla ya kufunikwa, mbele ya macho ya watu wasiokuwa na haja ya gauni na wasioweza kufika Kariakoo. Angalitia mbili tatu zitajazo kitenge, mshono na mji wake, angalionwa na wachache, lakini wachache hao wangaliuliza bei. Mwaka 2021 Instagram wenyewe waliwashauri watu watie tatu hadi tano, zenye kuhusiana na picha. Si jambo la siri wala la kitaalamu: kabla ya kutia alama, ifungue kwanza uone ni akina nani wamo na wanazungumza nini, kisha jiulize kama ulicho nacho ni cha kuongeza katika mazungumzo hayo.

Walioliweka jambo hili katika kanuni ni watu wa misiba. Ufilipino, nchi ipigwayo na tufani kila mwaka, serikali na wanahabari walikubaliana tangu mwaka 2012 juu ya alama maalumu, mathalani #RescuePH kwa aliyezingirwa na maji na #ReliefPH kwa misaada, kila moja na kazi yake, ili aombaye mashua asichanganywe na atoaye mchele. Oktoba 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya dharura, OCHA, ikatoa mapendekezo kwamba nchi zipange hashtagi zao kabla ya maafa kutokea, si baada yake. Ningependa sana kuona mamlaka zetu za hali ya hewa na za maafa, kuanzia Mombasa hadi Rufiji, zikifanya vivyo hivyo kabla ya masika, na alama yenyewe iwe ya Kiswahili, ijulikane shuleni na redioni kama zijulikanavyo namba za polisi na zimamoto.

Kiswahili hakikosi rekodi katika uwanja huu. Zamani maandishi yetu katika Twitter yalikuwa yakidhaniwa na mitambo yake kuwa ni Kiindonesia; mwaka 2018 watumiaji wakakusanyika chini ya #SwahiliIsNotIndonesian, na mtandao ukaanza kukitambua Kiswahili.

Leo mitambo ya upekuzi yaweza kusoma maneno ya chapisho na hata kuitambua picha, hivyo haja ya kuwekea kila kitu alama imepungua. Juni 2025 mtandao wa X ulipiga marufuku hashtagi katika matangazo ya kulipiwa. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2024, vijana wa Kenya walikuwa wamekusanyika chini ya #RejectFinanceBill2024, wakifafanuliana vifungu vya mswada wa fedha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha za makabila yao. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Wauzaji wa bidhaa wamenyimwa alama hiyo katika mtandao ule ule ilikozaliwa, na wenye jambo la kuzungumza bado wanayo.